Kipimo cha umeme wa ubongo na neva: jibu huharibika kabla mashine haijawashwa

Picha ya MRI huonyesha umbo la ubongo. Neurofiziolojia hupima kazi: umeme unaozaliwa kwenye ubongo, unaosafiri kwenye neva na kuamsha misuli. Umeme huo ni mdogo mno. Ule wa ubongo, ukinaswa juu ya ngozi ya kichwa, mara nyingi ni maikrovolti 10 hadi 100 tu. Ndiyo maana mafuta ya nywele, taya lililokazwa au mkono wa baridi vinatosha kuleta jibu la uongo, na jibu la uongo humtia mtu kwenye dawa asizohitaji.

Kwa anayekwenda kupimwa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo: osha nywele siku moja kabla, zikauke, usipake chochote. Nywele zilizosukwa zikaficha ngozi zifumuliwe, maana elektrodi, kile kidude kinachonasa umeme, lazima iguse ngozi. Kula kama kawaida, kwa sababu sukari ikishuka mawimbi ya ubongo hupungua kasi. Dawa za kifafa endelea kumeza mpaka daktari wako aseme vingine. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua. Ukiambiwa upunguze usingizi, punguza kweli, ila usiendeshe gari kwenda wala kurudi.

Kwa mpimaji, kazi inaanza na tepu. Pima kutoka bonde la juu ya pua, kati ya macho, hadi kwenye kinundu cha mfupa kisogoni. Tuseme ni sentimita 36. Kwa mfumo wa 10-20, ambao Herbert Jasper aliuandika mwaka 1958, alama ya kwanza inakaa sentimita 3.6 kutoka mwanzo, kisha kila alama sentimita 7.2, na mwisho zinabaki 3.6. Kukadiria kwa macho ni kosa linaloonekana dogo, lakini elektrodi za upande mmoja zikisogeleana kuliko za upande wa pili, mawimbi ya upande huo hutoka na kimo kifupi, na msomaji anaweza kudhani ubongo wa upande huo una tatizo. Sugua ngozi taratibu mpaka ukinzani wake kwa umeme ushuke chini ya kiloomu 5, na ukinzani wa elektrodi zote ukaribiane. Usimwage jeli ya kupitisha umeme: ikitapakaa kati ya elektrodi mbili zinakuwa kitu kimoja, na mstari unaozilinganisha unalala. Kelele ya umeme wa ukutani, herzi 50 au 60, isizimwe kwa kichujio kabla ya kukagua elektrodi yenyewe. Mara nyingi kuna moja iliyolegea.

Kurekodi kusipungue dakika 20 za mawimbi safi, macho yakifumbwa na kufumbuliwa, kisha kuhema kwa nguvu dakika 3, kisha taa inayowaka na kuzima haraka haraka. Mwenye selimundu, kiharusi cha karibuni au ugonjwa mkali wa moyo au mapafu asihemeshwe. Muulize hayo kabla hujamlaza.

EEG ikitoka safi, kifafa hakijafutwa. Kipimo cha kwanza huwakosa wengi wenye kifafa, kwa kuwa kinaona nusu saa tu ya maisha ya mtu. Hivyo basi ndugu wa mgonjwa akirekodi tukio kwa simu, anampa daktari kitu ambacho mashine haikupata: macho yalifumba au yalikuwa wazi, kichwa kiligeukia wapi, ilichukua muda gani. Tunaomba sana video hizo.

Kwa kipimo cha neva, mtaalamu hupitisha mshtuko mdogo juu ya ngozi na kupima muda ambao umeme unatumia kusafiri kwenye neva. Hapa adui mkubwa ni baridi. Kwa mtu mzima, kasi kwenye kigasha kwa kawaida ni mita 50 kwa sekunde au zaidi, na kila nyuzi ya joto inayopotea huondoa takriban mita 2. Mkono wa nyuzi 27, badala ya 32, unaweza kushusha kasi ya neva yenye afya kutoka mita 55 hadi 45. Dalili ya kukustua ni hii: kasi imeshuka, lakini wimbi lina kimo kirefu na ni zuri. Neva iliyougua kweli mara nyingi haina wimbi la namna hiyo. Pasha mkono joto kwa maji ya vuguvugu, ukaushe, urudie. Mgonjwa naye asipake losheni siku hiyo, avue pete, na aseme mapema kama ana betri ya moyo au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya sindano inayochomwa kwenye misuli katika kipimo hiki. Sindano yenyewe haipitishi mshtuko. Inasikiliza tu misuli.

Daktari anayetuma mgonjwa asiandike "ganzi mkononi" akaishia hapo. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha usiku inaelekeza kwenye kifundo cha mkono. Ya kidole kidogo inaelekeza kwenye kiwiko. Na kama ni jeraha, aandike tarehe. Neva iliyokatika jana bado inapitisha umeme chini ya jeraha, kwa kuwa kipande hicho huchukua siku kadhaa, hadi kama 10, kufa, na dalili zinazoonekana kwa sindano hukomaa baada ya wiki 2 hadi 3. Aliyeumia Jumatatu akipimwa Jumatano anaweza kuambiwa neva haina tatizo wakati imekatika.