Chembe nano za fedha: rangi na duara havitoshi

SWALI: Nimekuza Lactobacillus (bakteria wa asidi ya laktiki) kwenye mchuzi wa MRS, yaani chakula cha kukuzia bakteria hao, kwa saa 24, nikatenga bakteria kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), kisha nikachanganya maji ya juu yaliyobaki bila bakteria na nitrati ya fedha, chumvi ya madini ya fedha, ya milimola 1 kwa lita. Baada ya siku mbili mchanganyiko umekuwa kahawia, na kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) umezuia bakteria E. koli kukua ndani ya duara la milimita 17. Je, nimepata chembe nano, yaani vipande vidogo mno vya fedha, zinazoua bakteria? Na kwa kuwa zimetokana na bakteria wazuri, zinanyweka?

JIBU: Bado hujathibitisha, na zisinywewe.

Mmumunyo wa milimola 1 una takriban mikrogramu 108 za fedha kwa mililita. Hata ukiuzimua kwa nusu, ayoni za fedha (atomu zenye chaji) zilizobaki bila kugeuka chembe zinatosha kabisa kuzuia E. koli. Maji ya juu nayo yamejaa asidi ya laktiki, pH yake ikikaribia 4, na asidi hiyo pekee huweza kuchora duara. Rangi ndiyo dhaifu zaidi kama ushahidi. MRS ni ya kahawia tangu mwanzo, na glukosi pamoja na dondoo ya hamira iliyomo huweza kugeuza ayoni kuwa fedha bila bakteria hata mmoja, hasa chupa ikikaa mwangani. Watu wanaoandika ripoti nzima kwa picha ya chupa mbili, moja nyepesi na moja nyeusi, wanapoteza muda wa kila mtu.

Rudia gizani, ukiweka MRS isiyopandwa bakteria pamoja na fedha ileile. Osha chembe mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni, kila mara kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 15,000 (mara 15,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 20. Chukua mililita moja ya maji ya mwisho ya kuoshea, dondoshea mmumunyo wa chumvi: yakiwa meupe kama maziwa, ayoni bado zimejaa, osha tena. Chumvi isiguse chembe zenyewe, zitashikamana na kuzama. Kisha pima kwa spektrofotomita, kipimo cha mwanga unaofyonzwa. Kilele cha ufyonzaji kitarajiwe kati ya nanomita 400 na 450, na ukubwa uthibitishwe kwa hadubini ya elektroni.

Duara nalo liache. Chembe hupenya agari kwa shida kuliko ayoni, kwa hiyo kipenyo hakilinganishiki. Tumia sahani ya visima 96, ukizimua chembe nusu kwa nusu ili kupata kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria, na bakteria 500,000 kwa mililita. Kando yake weka nitrati ya fedha yenye kiasi kilekile cha fedha, na maji ya juu yasiyo na fedha, yakiwa ya asili na yaliyorekebishwa hadi pH 7.

Sasa hilo la kunywa. Bakteria aliyetengeneza chembe haibadilishi fedha kuwa probiotiki, yaani bakteria hai wenye faida mwilini. Fedha huua hata Lactobacillus wa tumboni. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za dukani zenye fedha ya koloidi (chembe za fedha zinazoelea majini) hazitambuliki kuwa salama wala zenye ufanisi. Anayeinywa kwa muda mrefu hugeuka ngozi kuwa ya kijivu-bluu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Fedha pia huzuia mwili kufyonza baadhi ya antibiotiki, kwa hiyo muuzaji anayeshauri vinywewe pamoja anamharibia mgonjwa tiba halisi. Na bakteria hujifunza: vinasaba vya ukinzani dhidi ya fedha, vinavyoitwa sil, vilipatikana kwenye bakteria Salmonella iliyotoka wodi ya majeraha ya moto. Mabaki ya jaribio lako yakusanye kwenye chupa ya taka za fedha, yasimwagwe kwenye sinki.