Wiki moja katika majangwa ya Marekani: tatizo ni Julai

Ndugu yangu, umeuliza kama siku saba za mwezi Julai zitakutosha wewe na familia yako kuanzia Las Vegas, kupita Death Valley, Zion, Monument Valley na Grand Canyon, kisha kurudi mlikoanzia. Siku zinatosha, kinachonitia wasiwasi ni mwezi wenyewe. Death Valley, ambako mwaka 1913 kilirekodiwa kiwango cha nyuzijoto 56.7 za Selsiasi, si mahali pa kuwashusha watoto garini wakati huo, kwa hiyo nakusihi ama usogeze safari hadi Oktoba, ama uliache kabisa bonde hilo.

Ukiliacha, laleni kwenye hifadhi ya Zion siku mbili, mji wa Page moja, Monument Valley moja na Grand Canyon mbili. Karibu na Page kuna korongo la Antelope Canyon, ambalo haliingiliki bila mwongozaji. Ulizia mapema saa wanayoifuata waongozaji hao, kwa kuwa eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, husogeza saa mbele majira ya joto ilhali sehemu kubwa ya Arizona haisogezi, na simu inaweza kukupotosha.

Bebeni angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, mkiyaweka karibu na viti, si chini ya mizigo. Jaza mafuta tangi linapofika nusu, na uhifadhi ramani kwenye simu kabla mtandao haujakatika. Gari likiegeshwa juani, kifungo cha chuma cha mkanda huunguza ngozi ya mtoto. Kifunike kwa taulo kila mnaposhuka.