Nyangumi walipita mbele ya dirisha la hakimu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: "Je, sheria za uhifadhi walizotunga wakoloni ziliwahi kulinda kitu, au zilikuwa njia ya kukusanya kodi tu?" Nimesoma majibu ya mwanzo na, kama nilivyotarajia, karibu wote wameandika kuhusu tembo, Tsavo, Serengeti, na wazee waliofungwa kwa kukutwa na paja la swala. Sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mtu wa bahari, nimekula mshahara wa chumba cha injini kwa miaka 27, na swali lenu limenigusa mahali ambapo wenzangu hawajafika, yaani kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa Atlantiki, ambako Mwingereza alitunga sheria ya kuvua nyangumi miaka mitatu kabla ya kumpeleka mtu wa kukaa huko na kuisimamia. Huenda nikajibu swali lililo kando kidogo ya lile mliloliuliza, maana tangu siku niliyokanyaga kisiwa kile ninachojiuliza ni nani aliyekuwa akihesabu, na alihesabu nini.

Niseme mapema kwamba nimeketi kuandika nikiwa upande wa wanaosema ni kodi tu.

Nahodha Mnorwe, C. A. Larsen, aliingia ghuba ya Grytviken mnamo Novemba 1904 akiwa na mtaji wa Compañía Argentina de Pesca ya Buenos Aires, akajenga kituo bila kumwomba Mwingereza ruhusa. Uingereza, iliyokuwa ikikimiliki kisiwa hicho kwa karatasi kupitia koloni lake la visiwa vya Falkland, umbali wa kilomita 1,400 hivi, ndipo ikazinduka. Kuanzia Januari 1906 kampuni ikawa mpangaji mwenye mkataba, na mwaka huohuo Gavana William Allardyce akawa na sheria ya uvuvi wa nyangumi mkononi. Mwaka 1908 London ikatoa hati ya kifalme iliyoviweka South Georgia, South Orkney, South Shetland, South Sandwich na Graham Land chini ya Falkland. Hati yenyewe iliandikwa kwa pupa, kiasi kwamba ukiifuata mistari ya ramani iliyotajwa ndani yake unaikuta imemeza na ncha ya bara la Argentina na Chile, na ilibidi irekebishwe mwaka 1917. Hakimu wa kwanza, yaani mtu wa kuisimamia sheria hiyo kisiwani, James Innes Wilson, alifika mnamo Novemba 1909. Kufikia siku hiyo misimu mitano ya kuchinja ilikuwa imekwisha kupita.

Mimi nilifika Grytviken mara moja tu, mwaka 2007, nikiwa fundi wa zamu katika meli ya watalii. Jenereta moja ilikuwa imetusumbua tangu Falkland na sikutarajia kushuka, ila mhandisi mkuu alinihurumia akatupa saa mbili, mimi na serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, Mfilipino mmoja mpole ambaye alikuwa na desturi ya kupima kila kitu kwa macho. Kabla ya kushuka tulisimamishwa kwa mstari, viatu vikapigwa brashi ndani ya ndoo ya dawa, na mifuko ya majaketi ikapekuliwa mmoja mmoja. Katika kamba ya kiatu changu ilipatikana mbegu moja ya nyasi. Sijui niliibeba kutoka wapi, pengine Ushuaia, pengine nilitoka nayo nyumbani. Ilichomolewa kwa kikoleo, ikatiwa kwenye bahasha, na nikaelezwa kwa adabu kubwa madhara ambayo mbegu kama ile ingeweza kuleta. Nilisikiliza. Moyoni nilikuwa nikisema kwamba kisiwa kilichochinjiwa nyangumi 175,250 kati ya mwaka 1904 na 1965 sasa kinaiogopa kamba yangu ya kiatu.

Majengo mengi ya kituo yalikuwa yameshaondolewa kwa sababu ya asbesto, kwa hiyo mitambo imebaki wazi, yenye kutu rangi ya udongo wa Taru, nayo niliitambua kabla ya kuambiwa. Boila ni boila popote duniani. Winchi zile kubwa, ambazo zilimburuta nyangumi kwa mkia hadi juu ya jukwaa la mbao, nilijua zinakula mvuke kiasi gani kwa kutazama unene wa mabomba yake. Niliona na mashine za kuzungusha, zinazotenganisha mafuta na maji, ndugu wa zile nilizokuwa nikizifungua na kuzisafisha kila wiki kule chini melini, nikagusa bakuli la mojawapo kwa kiganja kama mtu anavyomgusa ng'ombe wa jirani. Juu ya jukwaa lile wachunaji wenye visu vya mpini mrefu waliweza kumvua nyangumi mmoja shahamu yake yote kwa dakika 20 hivi. Meli ya kuwindia Petrel, iliyoundwa mwaka 1928, imeegeshwa pembeni ikiwa na mzinga wa chusa omoni, na watalii walikuwa wakipanga foleni ya kupigwa picha nyuma yake.

Serahangi alitaka kwenda kaburini kwa Shackleton, yule mvumbuzi wa Antaktika. Mimi nilimvuta upande wa pili, kwenye njia inayoizunguka ghuba hadi King Edward Point, mahali serikali ilipojenga makao yake mwaka 1912. Nilihesabu hatua, kisha sili mmoja akatufukuza na hesabu ikapotea, lakini kwa mwendo wa kawaida ni chini ya nusu saa. Sili-tembo wamelala njiani kama magunia yaliyoanguka kwenye lori, na hawakupishi hata kidogo. Tulipofika tuliegemea ukuta wa nyumba moja ya zamani ya mbao, nyeupe, serahangi akawasha sigara, nami nikageuka kutazama tulikotoka.

Hapo ndipo nilipoelewa ramani. King Edward Point imekaa mdomoni mwa ghuba. Hakuna meli iwezayo kuingia Grytviken bila kupita hapo, karibu kiasi kwamba serahangi, baada ya kufumba jicho moja, alisema angesoma jina lake bila darubini. Kama umewahi kukaa Likoni ukitazama meli zinavyoingia Kilindini, unajua ninachosema. Kila nyangumi aliyeletwa Grytviken tangu nyumba ya hakimu ilipojengwa, akivutwa kwa mkia ubavuni mwa meli, tumbo juu, alipita mbele ya dirisha la serikali. Vituo vingine, kama Leith, Husvik na Stromness, vilikuwa mbali na dirisha hilo, na ili kuvifikia hakimu, ambaye hakuwa na meli yake mwenyewe, aliomba nafasi katika meli za wavuvi haohao aliotakiwa kuwachunga. Lakini wa Grytviken aliwaona. Miaka yote nilikuwa nimedhani kwamba tatizo la visiwa vile lilikuwa umbali, kwamba sheria ilitungwa London na damu ikamwagika kusikokuwa na jicho. Jicho lilikuwapo, na lilikuwa limejengewa nyumba.

Nilisimama pale nikibishana na serahangi kupita muda wetu. Yeye alisema mtu mmoja angefanya nini mbele ya mamia ya wachinjaji. Mimi nikasema mtu mmoja mwenye kalamu anatosha kama anajua anachokiandika. Na alichoandika hakimu, ukiacha barua za posta, vifo na ushuru wa forodha, kilikuwa leseni na mapipa ya mafuta yaliyotozwa kodi. Katika msimu wa 1910–11 kisiwa kile kilitoa nyangumi wa nundu zaidi ya 6,000, na baada ya misimu michache walikuwa wamepungua hata wavuvi wakawageukia wale wa pezi na wa buluu. Daftari la serikali halikuwa na safu ya kuonyesha nyangumi wangapi wamebaki baharini. Tulichelewa kurudi kwa dakika 40, mhandisi mkuu hakuniuliza lolote, akanipa zamu ya saa sita usiku kwa wiki nzima.

Nilidhani barua hii ingeishia hapo. Lakini nimeandika sentensi ile kuhusu mapipa, nikaisoma tena, na nafsi imenisuta, kwa sababu haki lazima itolewe hata kwa mkoloni. Leseni zile hazikuwa risiti tupu. Ziliweka kikomo cha meli za kuwindia. Zilikataza kuua ndama na jike anayefuatana na ndama. Wavuvi wa mwanzo walikuwa wakivua shahamu tu na kuuachia mzoga uelee na kuoza ghubani. Serikali ikaja kuwalazimisha wautumie mzoga wote, nyama na mifupa, na hilo si jambo dogo, kwa sababu nyangumi aliyetumika mzima humzuia mwingine asiuawe kwa pipa lilelile. Kweli, vita ya 1914 ilipozuka na gliserini ya mafuta yale ikahitajika kutengenezea baruti, masharti yalilegezwa bila aibu. Hata hivyo yalikuwapo ya kulegezwa.

Tena kodi yenyewe, hiyo ninayoisema vibaya tangu mwanzo, ndiyo iliyolipia uchunguzi wa kisayansi ulioitwa Discovery, ulioanza mwaka 1925. Wanasayansi walijengewa maabara palepale King Edward Point, wakawa wanavuka kwenda jukwaani kupima urefu wa nyangumi, kufungua matumbo na kuchunguza viungo vya uzazi, ili wajue anazaa kila baada ya muda gani na anakula nini. Nyumba nyeupe niliyoiegemea mimi na serahangi ndiyo hiyo, Discovery House, nami sikuwa na habari. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameajiriwa kwa fedha ya mapipa ili ahesabu kilichobaki.

Mwaka huohuo wa 1925 meli-kiwanda iitwayo Lancing ilielekea kusini ikiwa na mlango wa mteremko tezini, ambapo nyangumi aliweza kupandishwa mzima katikati ya bahari. Mtu wa injini anaielewa maana yake mara moja. Mvuvi hakuhitaji tena ghuba tulivu, wala maji ya mto wa kisiwani kwa ajili ya boila, na asiyehitaji ghuba hahitaji leseni ya mwenye ghuba. Katika msimu wa 1930–31 zilikuwako meli-kiwanda 41, na katika bahari za kusini waliuawa karibu nyangumi 40,000, zaidi ya 29,000 kati yao wakiwa wa buluu. Walio wengi hawakupita mbele ya dirisha lolote. Msimu uliofuata meli nyingi za Norwe zilibaki bandarini, na kilichozizuia kilikuwa bei ya mafuta iliyoanguka.

Baadaye yalikuja mapatano ya mataifa, ya Geneva mwaka 1931, ya Washington mwaka 1946, na ukapatikana ule utaratibu wa ajabu wa kuhesabu "kipimo cha nyangumi wa buluu": mmoja wa buluu ni sawa na wawili wa pezi, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa sei, kana kwamba bahari ni mizani ya muuza samaki. Kila taifa lilijikagua lenyewe hadi mwaka 1972. Muungano wa Sovieti uliripoti kwamba katika bahari za kusini umeua nyangumi wa nundu 2,710. Idadi halisi, iliyotolewa na wanasayansi wao wenyewe miaka ya 1990, ni zaidi ya 48,000. Hili linatuhusu kuliko South Georgia inavyotuhusu. Wale wanaopita Watamu kuanzia Julai hadi Septemba si wa South Georgia, ambao wengi huenda kuzalia Brazili. Wetu hulishia upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, na walivuliwa njia nzima, Durban ikiwa na kituo chake tangu mwaka 1908 hadi 1975. Nao nyangumi wa nundu wa Bahari ya Arabuni, wasiohamahama, meli za Sovieti ziliwaua 238 mnamo Novemba 1966 katika maji ya Oman, Pakistan na India, bila kibali cha mtu.

Kwa hiyo nimejikuta nikimtamani hakimu niliyekuja kumshtaki. Alikuwa mmoja, alisafiri kwa hisani ya washtakiwa, alihesabu mapipa, na bado mvuvi alilazimika kupita mbele yake. Sisemi kwamba alikuwa mwema, wala kwamba bwana wake alikuwa na haki ya kukimiliki kisiwa. Nasema tu kwamba nyangumi wa buluu na wa pezi walikuwa na nafuu zaidi miaka ambayo leseni ilikuwa na nguvu kuliko miaka iliyofuata, na kwamba vituo vya kisiwani vilipofungwa miaka ya 1960 havikufungwa na sheria, vilikosa nyangumi. Mwaka 2020 watafiti waliozunguka maji ya South Georgia waliona nyangumi wa buluu 55, na ilikuwa habari ya kushangilia.

Jibu langu basi, Ndugu Mhariri, ni kwamba sheria ile ililinda, kati ya mwaka 1906 na 1925, ndani ya ghuba, katika miaka isiyo ya vita. Kama nafasi yenu ni ya neno moja, andikeni "kidogo". Ila msiliandike bila kuwataja wale 6,000 wa nundu.

Baharia mstaafu, Mombasa