Pua Inayoziba, Dai Lililokataliwa: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Barua za safari hii zimetoka kwa askari wa zamani wa jeshi la Marekani waliorudi mkoani Kigoma, pamoja na ndugu zao. Waliohudumu JWTZ wana utaratibu wao; majibu haya hayawahusu.

Nilikuwa jeshi la nchi kavu la Marekani na mwaka 2014 nilipelekwa Djibouti. Dai langu la fidia kwa ajili ya aleji ya pua limekataliwa. Wameandika kwamba ni mzio wa msimu unaoisha wenyewe, tena kwamba niliugua kabla ya kuingia jeshini. Barua ina miezi saba. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Usijaze fomu yoyote kwanza. Barua imekupa sababu mbili za kukataa, na kila moja ina jibu lake.

Tuanze na huo mzio wa msimu. Kanuni ya 3.380 ya VA, idara ya Marekani inayoshughulikia askari wa zamani, inasema dalili za mzio zinazopoa mtu akikaa mbali na kinachomdhuru kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa wa muda. Kwa hiyo cheti kinachosema tu "ana aleji" hakikufikishi mbali. Daktari aandike kwamba ni rinitisi sugu, yaani uvimbe wa ndani ya pua usioisha, imedumu miaka mingapi, inaziba pua masika na kiangazi, na ni dawa gani umetumia bila kupona. Hapa Kigoma kuna mtego: kadi zako zote za hospitali zikiwa za Julai na Agosti, mkaguzi atasema ni vumbi la kiangazi. Pua ikiziba Machi, nenda hospitali hiyo hiyo Machi, usijitibu kwa dawa ya dukani ukabaki bila maandishi.

Halafu kuna Djibouti, na tunashangaa barua ya VA haikutaja nchi hiyo. Sheria ya Marekani iitwayo PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, inaihesabu rinitisi sugu miongoni mwa magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na utumishi kwa waliohudumu katika maeneo yaliyotajwa. Djibouti imo kuanzia tarehe 11 Septemba 2001; Somalia imo kuanzia tarehe 2 Agosti 1990. Mtu wa kundi hili halazimiki kuleta daktari wa kuthibitisha kwamba jeshi ndilo lililomletea ugonjwa. Anathibitisha mawili tu: alikuwepo huko, na ugonjwa anao sasa, tena ni sugu. Aliyenyimwa kabla ya sheria hiyo naye anaweza kurudisha dai. Chukua DD 214 yako, ile hati ya kumaliza utumishi jeshini, uone kama Djibouti imeandikwa. Kama haimo, tafuta amri ya safari, tathmini ya utumishi au cheti cha nishani kinachotaja mahali.

Sababu ya pili ni kuugua kabla. Hapa kinachotazamwa ni karatasi ya uchunguzi wa afya uliofanyiwa siku ya kuingia jeshini. Kama aleji haikuandikwa humo, sheria inakuchukulia kuwa uliingia mzima. Ni VA ndiyo inayopaswa kuonyesha, kwa ushahidi wazi usio na utata, kwamba ugonjwa ulikuwepo na pia kwamba utumishi haukuuzidisha. Wakishindwa kimojawapo, hoja yao imeanguka. Ikiwa iliandikwa, badili dai: sema ulikuwa nayo na jeshi limeizidisha, kisha onyesha hali ya kabla na ya baada.

Sasa njia. Tangu tarehe 19 Februari 2019 ziko tatu. Fomu 20-0995 hurudisha dai pamoja na ushahidi mpya unaohusika. Fomu 20-0996 humpa mkaguzi mwandamizi jalada lile lile alisome upya. Hupati nafasi ya kuongeza karatasi, ila unaweza kuomba mazungumzo ya simu umwonyeshe kosa lilipo. Fomu 10182 hupeleka shauri kwenye Bodi ya Rufaa, mbele ya jaji, nako foleni ni ndefu zaidi. Kama karatasi za Djibouti zilikuwa tayari kwenye jalada wakazipita, tungeanza na mkaguzi mwandamizi. Kama hazikuwemo, au cheti chako cha daktari ni dhaifu, njia hiyo itakula miezi yako bure, tumia 20-0995.

Mwaka mmoja wa kukata rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku uliyoipokea posta. Umebakiwa na miezi mitano. Fomu 20-0995 inapokelewa hata baada ya mwaka, lakini kwa kawaida utapoteza tarehe ya dai la awali, na pamoja nayo malimbikizo yote ya katikati.

Mimi nilikubaliwa, lakini kwa 0%. Huu si utani?
*Msomaji, Ujiji*

Si utani, ingawa tunaelewa hasira. Sifuri maana yake wamekubali kwamba ugonjwa umetokana na jeshi. Kilichobaki ni ukubwa wake. Rinitisi ya mzio hupimwa kwa kifungu namba 6522, na kifungu chenyewe ni kifupi. Ukiwa na polipu, vile vinyama laini vinavyoota ndani ya pua, ni 30%. Bila polipu, unapata 10% ikiwa pande zote mbili zimeziba zaidi ya nusu, au upande mmoja umeziba kabisa. Nje ya hapo ni sifuri. Kupiga chafya, macho kuwasha na kukosa usingizi havimo katika kipimo hicho.

Kwa hiyo "pua imeziba sana" ni maneno yasiyo na kazi. Mwombe daktari wa masikio, pua na koo aandike: kulia asilimia ngapi, kushoto asilimia ngapi, polipu zipo au hazipo. Uvimbe wa nyama za kawaida za puani si polipu, na ripoti isiyotenganisha hivyo viwili hurudishwa au husomwa kwa hasara yako. VA ikikupangia uchunguzi, nenda hata kama ni Dar es Salaam. Kutokwenda bila sababu ya msingi kunatosha kukuangusha.

Kwa mwaka 2025, 10% ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na 30% kwa asiye na wategemezi dola 537.42. Hata hiyo sifuri ina faida: mpango wa VA wa matibabu nje ya Marekani hulipia tiba ya ugonjwa uliokubaliwa. Tunza risiti na maelezo ya daktari, uwasilishe ndani ya miaka miwili tangu siku ya matibabu. Na kama una sinusaitisi, yaani uvimbe wa mianya ya mifupa inayozunguka pua, au pumu, ziombe kando. Zinaweza kupewa asilimia zake mbali na rinitisi.

Mwanangu alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenda Marekani, akaingia jeshini. Ameniomba nimwandikie ushahidi. Mimi si daktari, niandike nini?
*Mama wa askari, Kasulu*

Mama, udaktari hauhitajiki. Fomu ni 21-10210, na haihitaji muhuri wa wakili. Andika ulichokiona na kukisikia mwenyewe: kabla hajaondoka alikuwa analalaje, alipokuja likizo mwaka gani ulimwona anapumua kwa mdomo, kwenye simu sauti yake ikoje. Usiandike jina la ugonjwa wala kilichousababisha. Kama alikuwa na mafua ya mara kwa mara utotoni, usiyafiche, ila eleza tofauti ya wakati ule na sasa. Ukiandika kwa Kiswahili, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Kuna mtu anasema atanishughulikia rufaa, achukue nusu ya malipo.
*Msomaji, Kibirizi*

Mkatalie. Anayetoza ada lazima awe wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA, na haruhusiwi kutoza kabla ya uamuzi wa kwanza wa dai. Ada isiyozidi 20% ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Ikipita theluthi moja huchukuliwa kuwa ya kupindukia. Vyama vya askari wa zamani kama DAV, VFW na American Legion husaidia bila malipo. Orodha ya walioidhinishwa iko kwenye tovuti ya VA. Jina la mtu huyo lisipokuwemo, usimpe hata nakala ya DD 214.