Seva ya nyumbani haionekani nje japo poti imefunguliwa

Ndugu, umesema poti 443 (mlango wa tovuti za HTTPS) umeifungua kwenye ruta, ndani ya nyumba seva inafunguka vizuri, ila nje kimya. Kwanza, unajaribu kwa data ya simu au kwa Wi-Fi ileile? Wi-Fi ya nyumbani hudanganya, maana bado uko ndani ya mtandao uleule.

Kisha ingia kwenye ruta uangalie anwani ya IP ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10 na nukta (10.x.x.x), huenda mtoa huduma amewabana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue poti zote ni kazi bure. Mwombe anwani ya umma. Akigoma, kodi seva ndogo mtandaoni, uiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri kati ya mashine mbili). Ya nyumbani ndiyo ianzishe mawasiliano, na uiwekee PersistentKeepalive = 25 (itume ishara kila sekunde 25), la sivyo njia hukatika kimyakimya.

Poti 22 (ya SSH, ya kuingilia seva ukiwa mbali) usiruhusu kuingia kwa nywila kabisa, roboti za kubahatisha nywila hazilali. Tumia funguo za SSH. Kama watumiaji ni wewe na familia tu, mimi nisingeanika kitu nje, VPN inatosha. Na ikiwa humo mna data za wateja, mwite mtaalamu wa usalama kabla hujaiwasha.