Mchanganyiko uko sawa, mbona injini inagonga?

Swali: Fundi, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Gari langu ni Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE. Nimeweka turbo kubwa, nikabadilisha nozeli (vinyunyizi vya petroli) za cc 380 kwa dakika na kuweka za cc 550, kisha nikafungiwa kompyuta ya nyongeza inayopunguza ishara ya sensa ya presha ya hewa. Turbo inapojaa, mita inaonyesha uwiano wa hewa na mafuta wa 11.8, lakini injini inagonga. Kwenye mwendo wa kawaida, kila nikipunguza mafuta, baada ya siku chache mita hurudi 14.7. Nirekebishe wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa sasa usiguse mafuta. Sehemu 11.8 za hewa kwa moja ya petroli ni uwiano unaofaa injini ya turbo iliyobeba mzigo mkubwa. Kwa dalili ulizoeleza, ninashuku cheche inayowahi mno, si uchache wa petroli.

Kompyuta ya nyongeza ya aina hiyo haiziamuru nozeli moja kwa moja. Inaipokea ishara ya sensa njiani, inaipunguza, kisha inaipeleka kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya asili ya gari. Ukigawa 380 kwa 550 unapata takriban 0.69, kwa hiyo ishara imelazimika kupunguzwa kwa karibu asilimia 31 ili nozeli kubwa zisimwage petroli kupita kiasi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande wa mafuta, ila kontroli boksi huitumia ishara hiyohiyo kuchagua taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche. Ikiambiwa kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, huamini kuwa injini ina mzigo mwepesi, na injini yenye mzigo mwepesi hupewa cheche mapema kwa sababu mchanganyiko wake huungua polepole. Silinda iliyoshindiliwa hewa na turbo ikipewa cheche hiyo ya mapema, presha hupanda kupita kiasi, na mchanganyiko ambao moto haujaufikia hulipuka wenyewe kwa joto. Huko ndiko kugonga unakokusikia. Joto la Dar es Salaam hukuzidisha, hasa unapokanyaga mafuta mara tu baada ya foleni ndefu ya Barabara ya Mandela, wakati intakula, kipoza hewa ya turbo, bado ina moto. Kuongeza petroli kunaweza kuificha sauti kwa muda, lakini cheche itabaki pale ilipo na pistoni zitaendelea kuumia.

Hilo la kurudi 14.7 si ubovu. Katika mwendo wa kawaida kontroli boksi husikiliza sensa ya oksijeni iliyopo kwenye ekzosi na kujirekebisha hadi uwiano ufike 14.7, hivyo kila unachopunguza hukirudisha. Tena, kompyuta nyingi za magari huyahifadhi masahihisho hayo na kuyatumia hata unapokanyaga hadi mwisho, ambapo sensa hiyo haisikilizwi. Ukilazimisha mafuta machache kwenye mwendo wa kawaida, unaweza kuiharibu 11.8 uliyonayo bila kujua sababu. Acha punguzo la ishara kwenye mwendo huo libaki karibu na asilimia 31. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huenda ukahitaji namba tofauti kidogo, maana nozeli kubwa nazo huchelewa kufunguka kwa kiasi chake.

Ushauri wangu ni kushusha presha ya turbo leo hii, kisha uchague kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kompyuta ya nyongeza inayodhibiti pia cheche, kama Greddy e-Manage Ultimate, ili taimingi irudishwe nyuma kulingana na presha halisi. Ya pili, ambayo kwa nozeli za ukubwa huo ninaipendelea waziwazi, ni kuweka kontroli boksi inayojitegemea, yenye ramani zake (majedwali ya mipangilio) za mafuta na cheche. Kompyuta ya kupunguza ishara peke yake hufaa pale tofauti ya nozeli ni ndogo. Njia yoyote utakayochagua, fundi apime kwanza presha ya pampu ya mafuta turbo ikiwa imejaa, na majaribio ya kukanyaga hadi mwisho yafanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu, si barabarani penye watu.

Kabla ya yote hayo, fungua plagi zote sita. Ukikuta vitone vidogo vinavyong'aa vya alumini kwenye kauri yake, pistoni imekwisha kuanza kuliwa. Usiliendeshe gari hilo hadi kompresheni ya kila silinda ipimwe.