Maswali ya Wasomaji: Uniti Zimepungua, Ankara Haikushuka

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kiwanda kidogo cha mabomba ya plastiki. Mwezi uliopita tulizima mashine wiki nzima kwa kukosa malighafi, na mita inaonyesha kwamba uniti zilipungua kwa karibu robo, lakini ankara imeshuka kidogo mno. Je, tunaibiwa?

JIBU: Huenda hamwibiwi, ingawa kuuliza ni haki yenu. Mteja wa nyumbani kwa kawaida hulipia uniti, yaani kilowati-saa alizotumia, ilhali mteja wa kiwanda mara nyingi hulipia, juu ya uniti hizo, kiwango cha juu kabisa cha umeme alichovuta kwa wakati mmoja katika mwezi, ambacho hupimwa kwa kVA (kilovolti-ampea, kipimo cha umeme wote unaovutwa) na huwa ni wastani wa dakika 15 au 30. Nusu saa moja tu ambayo mashine zote, kompresa na vipozaji vilifanya kazi kwa pamoja inatosha kuweka kiwango cha mwezi mzima, na wiki ya kuzima mashine haikifuti. Msambazaji husema kwamba transfoma na nyaya za kukuhudumia katika nusu saa hiyo lazima ziwepo hata siku unapolala. Hoja hiyo ina mantiki, japokuwa humwumiza zaidi mwenye kazi za msimu.

Wengi hudhani kwamba kosa ni la kuwasha mota, kwa kuwa mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake. Mvuto huo hudumu sekunde chache, na katika wastani wa nusu saa hauonekani sana. Kinachogharimu ni mitambo mikubwa kufanya kazi kwa wakati mmoja pasipo ulazima, kwa hiyo anzeni kwa kupanga upya ratiba ya zamu, jambo lisilohitaji mkopo.

Kisha chunguzeni kile ambacho mafundi hukiita pawafakta, yaani uwiano kati ya umeme unaofanya kazi halisi na umeme wote unaovutwa. Kiwanda kinachotumia kilowati 80 kwa uwiano wa 0.8 huhesabiwa kVA 100. Uwiano huo ukipandishwa hadi 0.95 kwa kufunga kapasita, yaani vifaa vinavyozipa mota ule umeme usiofanya kazi halisi ili usivutwe kwenye gridi, hesabu hushuka hadi kVA 84 hivi, na uzalishaji haupungui hata kidogo. Kapasita hupunguza kVA, si uniti, isipokuwa kiasi kidogo kinachopotea njiani katika nyaya. Anayewaletea kisanduku cha kuchomeka ukutani na kuahidi kwamba uniti zitapungua kwa nusu, mshukuruni na kumsindikiza.

SWALI: Kwa nini bei ya gesi ikipanda, umeme wa maji na wa upepo nao hupanda bei, wakati mto na upepo havinunuliwi?

JIBU: Si kila mahali. Hutokea palipo na soko la jumla ambamo mitambo hupangwa kuanzia ya gharama ndogo hadi kubwa, na mtambo wa mwisho kuhitajika ndio unaoweka bei ya wote. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na gesi kuadimika barani Ulaya, mtambo huo wa mwisho mara nyingi ulikuwa wa gesi. Hispania na Ureno ziliweka mwezi Juni mwaka huo ukomo wa bei ya gesi inayozalisha umeme, na baadaye Umoja wa Ulaya ukaweka ukomo wa muda wa euro 180 kwa megawati-saa kwa mapato ya wazalishaji wasiotumia gesi. Hatua ya Hispania na Ureno ilishusha bei ya soko, lakini wenye mitambo ya gesi walipaswa kufidiwa, na fidia hiyo ilirudi kwa wanunuzi walionufaika na punguzo. Sera ya bei aghalabu huhamisha mzigo, na mwenye biashara hana budi kuuliza umehamia wapi.

SWALI: Nifunge paneli za jua, au nisubiri sera itulie?

JIBU: Usisubiri, ila usijenge hesabu yako juu ya malipo ya kuuza umeme kwenye gridi. Hispania iliwaahidi wazalishaji wa umeme wa jua malipo manono mwaka 2007, kisha kuanzia mwaka 2010 ikayapunguza hata kwa waliokwisha kujenga, na kesi za usuluhishi zikafuata kwa miaka mingi. Hesabu uniti utakazotumia mwenyewe mchana. Zikitosha kurudisha mtaji, mauzo yawe nyongeza. Angalia pia saa ambayo kiwanda chako hufikia kiwango cha juu cha kVA, kwa sababu ikiwa ni jioni, au ikiwa wingu la nusu saa litakurudisha kwenye gridi na mzigo wote, sehemu hiyo ya ankara itabaki ilivyo.